Mita za Mtaa: Hesabu ya Mwendo wa Watu Kariakoo na Katikati ya Dar es Salaam

Mji wa biashara huishi kwa mwendo. Mnunuzi asipolifikia duka, mzigo usipotoka ghalani, na mfanyakazi asipofika kwa wakati, biashara hudumaa hata kama bidhaa zimejaa tele. Hakuna mahali nchini Tanzania panapoonyesha ukweli huo waziwazi kuliko Kariakoo, eneo la Dar es Salaam linalowavuta wanunuzi kutoka mikoa yote na kutoka nchi jirani kama Zambia, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa saa nyingi za mchana magari, pikipiki, mikokoteni, maguta, wachukuzi na waenda kwa miguu hugombea nafasi ile ile ya mtaa.

Aghalabu husemwa kwamba chanzo cha msongamano huo ni wingi wa watu, na kwamba dawa yake ni kupanua barabara. Lakini soko lisilo na watu wengi si soko, na mtaa uliopakana na majengo pande zote mbili haupanuliki bila kubomoa kile kile ambacho watu wamekifuata. Kwa hiyo inafaa tatizo liulizwe upya, kwa namna inayoweza kupimwa: kila mita ya upana wa mtaa inapitisha watu wangapi kwa saa, na kila mita ya mraba inashikiliwa na nani, kwa muda gani? Majibu ya maswali hayo mawili hubadili sana mawazo kuhusu nani anayesongamanisha mji na nani anayeuwezesha kuishi.

Mitaa iliyopimwa kwa mji mwingine

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani waliifanya makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo. Kanuni zao za ujenzi zilianza kuugawa mji katika maeneo, na Waingereza baadaye wakauendeleza mgawanyo huo: majengo ya Wazungu upande wa mashariki, karibu na bahari, maduka na makazi ya Uhindini katikati, na makazi ya Waafrika upande wa magharibi. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mpana wa Mnazi Mmoja. Uwanja huo, uliotumika kuwatenga watu, leo ni njia ya kuwaunganisha, kwa maana maelfu huuvuka au kuuzunguka kila siku wakienda kazini na sokoni.

Kariakoo yenyewe ilikuwa shamba kabla ya kununuliwa na serikali ya Wajerumani muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kupimwa viwanja kwa mitaa iliyonyooka na kukatana kama miraba ya daftari. Waingereza walipoutwaa mji mwezi Septemba 1916, eneo hilo lilitumiwa na kikosi cha wachukuzi wa jeshi kilichoitwa Carrier Corps. Jina hilo la Kiingereza likapata matamshi ya Kiswahili, nalo likabaki. Hivyo sehemu hii ya mji imerithi jina lake kutoka kwa watu waliobeba mizigo kwa miguu yao wenyewe. Wachukuzi hao hukumbukwa pia na Sanamu ya Askari, iliyosimikwa mwaka 1927 katikati ya mji, chini ya kilomita mbili na nusu kutoka sokoni.

Viwanja vya Kariakoo vilikusudiwa nyumba za Kiswahili. Nyumba ya namna hiyo ina ukumbi katikati, vyumba sita kwa kawaida, vitatu kila upande, ua nyuma na baraza mbele. Kwa nyumba za ghorofa moja mtaa ulikuwa mpana wa kutosha: watoto waliweza kucheza, wazee wakaketi barazani, na lori moja moja likapita. Baada ya biashara kulegezwa masharti katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na hasa tangu miaka ya 1990, nyumba hizo zilianza kubomolewa na mahali pake kujengwa majengo ya ghorofa nyingi yenye maduka chini na maghala, ofisi au makazi juu. Viwanja vilibaki vile vile na upana wa mitaa ukabaki ule ule.

Hapo ndipo lilipo fundo la jambo. Ikiwa kila ghorofa huleta wageni na mizigo sawa na nyumba moja ya zamani, jengo la ghorofa kumi huleta safari mara kumi katika mtaa ambao haukuongezeka hata hatua moja. Kwa kweli huleta zaidi, kwa sababu duka huvuta watu wengi kuliko chumba cha kulala. Nao mji wenyewe ulikuwa ukikua: sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728, yaani zaidi ya mara sita.

Kuhesabu watu badala ya magari

Desturi ya kupima barabara kwa idadi ya magari hupotosha, kwa kuwa gari si mtu. Ichukuliwe mfano wa njia moja ya magari yenye upana wa mita 3. Magari yakifuatana vizuri bila kusimama, kila sekunde 2 gari moja hupita, yaani magari 1,800 kwa saa. Katikati ya mji kuna taa za barabarani na makutano, hivyo karibu nusu ya muda njia husimama, na idadi hushuka hadi magari 900 hivi. Kila gari likiwa na watu 2, watu 1,800 watapita kwa saa. Kwa kila mita ya upana, hao ni watu 600.

Sasa ichukuliwe njia ya mita 3.5 iliyotengwa kwa mabasi peke yake. Basi refu lenye sehemu mbili zilizoungana hubeba watu 140 hivi. Likipita basi moja kila dakika, watu 8,400 watapita kwa saa, ambao ni watu 2,400 kwa kila mita ya upana.

Mwisho ichukuliwe njia ya miguu yenye upana wa mita 2. Uzoefu wa wahandisi wa barabara unaonyesha kwamba kila mita ya upana inaweza kupitisha kiasi cha watu 40 kwa dakika bila kusukumana. Kwa mita 2 hao ni watu 80 kwa dakika, au 4,800 kwa saa. Ukigawanya kwa upana, jibu ni lile lile la basi: watu 2,400 kwa kila mita.

Hesabu hii ni rahisi, lakini matokeo yake ni makubwa. Mita moja ya mtaa iliyotolewa kwa waenda kwa miguu au kwa mabasi hufanya kazi ya mita nne zilizotolewa kwa magari madogo. Zaidi ya hayo, foleni inapokaza, njia ya magari hupoteza hata ule uwezo wake mdogo, ilhali mwenda kwa miguu huendelea kupenya. Mtu mzima hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kutoka Soko la Kariakoo mpaka Sanamu ya Askari humchukua karibu nusu saa. Wakati wa jioni, msafiri mwenye gari hawezi kuwa na hakika ya kumshinda.

Pikipiki na bajaji hushika nafasi ndogo kuliko gari, nazo zimewafaa wengi waishio mbali na barabara kuu. Hata hivyo kila chombo hubeba abiria mmoja hadi watatu tu, na bodaboda inapopanda juu ya njia ya miguu, huondoa usalama katika nafasi iliyokuwa ikibeba watu wengi zaidi. Manufaa yake makubwa yako pembezoni mwa mji, katika kumfikisha abiria kwenye kituo cha basi.

Historia ya basi na funzo lake

Dar es Salaam imewahi kujaribu njia nyingi za kusafirisha watu wake. Kampuni ya mabasi ya mji, iliyokuwa mikononi mwa watu binafsi wakati wa ukoloni, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, pamoja na uhaba wa fedha za kigeni za kununulia vipuri, vililidhoofisha shirika hilo. Mabasi yalilala karakanani huku abiria wakiongezeka. Mwaka 1983 serikali iliruhusu watu binafsi kuendesha mabasi ya abiria mjini. Nauli yake ikawa shilingi 5, na kwa kuwa sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, mabasi hayo yakaitwa daladala.

Daladala ziliuokoa mji, lakini mpangilio wa mapato yake ulizaa matatizo yake wenyewe. Dereva na konda hutakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Kwa hiyo ni faida kwao kungoja kituoni mpaka gari lijae, kisha kukimbizana na daladala nyingine ili kuwawahi abiria walio mbele. Mpiga debe, gari linalosubiri na mbio za barabarani ni matunda ya mpangilio huo. Kuwalaumu madereva kwa tabia mbaya bila kuugusa mpangilio wa malipo ni kukata majani na kuacha mizizi.

Mwezi Mei 2016 yalianza mabasi yaendayo haraka, ambayo wananchi huyaita mwendokasi. Awamu ya kwanza ina urefu wa kilomita 21 hivi. Njia yake kuu hupita katika Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni. Tawi moja huenda Morocco, na jingine huingia Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani, Kariakoo. Fikra hiyo haikuzaliwa Dar es Salaam. Mji wa Curitiba nchini Brazil ulianza kutenga njia za mabasi mwaka 1974, na Bogotá nchini Kolombia ukaipanua fikra hiyo kuanzia mwaka 2000. Kiini chake ni kile kilichoonekana katika hesabu: kutoa mita chache za barabara kwa chombo kinachobeba watu wengi, na kuzilinda mita hizo zisivamiwe.

Njia iliyotengwa, hata hivyo, haitoshi peke yake. Abiria wa mwendokasi wamelalamika mara kwa mara juu ya uchache wa mabasi na kungoja kwa muda mrefu. Sayansi ya foleni inaeleza kwa nini kungoja huwa kurefu kuliko inavyotarajiwa. Mabasi 10 kwa saa yakija kwa nafasi sawa, yaani kila dakika 6, abiria anayefika kituoni wakati wowote atangoja wastani wa dakika 3. Mabasi hayo hayo 10 yakija mawili mawili kila dakika 12, wastani wa kungoja huwa dakika 6. Idadi ya mabasi haikupungua, lakini muda wa kungoja umeongezeka maradufu.

Tena mabasi hujikusanya hata pasipo mtu kukusudia. Basi lililochelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi kituoni, hivyo hukawia kuwapakia na kuchelewa zaidi. Basi la nyuma hukuta abiria wachache, hupakia upesi, na mwishowe hulifikia la mbele. Ndiyo maana lile la kwanza huwa limefurika na la pili lina nafasi. Dawa yake ni msimamizi mwenye uwezo wa kulizuia basi kwa dakika moja au mbili kituoni ili nafasi kati ya mabasi zirudi kuwa sawa, pamoja na tiketi kukatwa kabla ya kupanda na milango mipana ya kupakia upesi. Njia ya mabasi pasipo mabasi ya kutosha na usimamizi wa nafasi kati yake ni kama bomba zuri lisilo na maji.

Nani anashikilia nafasi, na kwa muda gani?

Mtaa wa sokoni haupitishi tu, pia hushikiliwa. Ili kupima jambo hili, eneo huzidishwa kwa muda. Gari dogo lililoegeshwa huchukua kiasi cha mita za mraba 12. Likikaa saa 8, limetumia mita za mraba 96 kwa saa moja moja, ili kumfikisha mjini mtu mmoja au wawili. Meza ya machinga yenye mita za mraba 2, ikikaa saa 10, hutumia 20. Mkokoteni wenye mita za mraba 3, ukisimama dakika 20 kupakia, hutumia 1 tu.

Mwezi Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wengi waliondolewa kando ya barabara na kwenye njia za miguu katikati ya Dar es Salaam. Hoja ya kuziacha wazi njia za miguu ina uzito, kwani njia ya mita 2 iliyozibwa mita moja na nusu haipitishi tena watu 4,800. Lakini hesabu ya haki humhesabu kila mtu kwa kipimo kimoja. Nafasi inayotumiwa na gari moja lililoegeshwa mchana kutwa ingeweza kutosha meza nne za machinga kwa muda mrefu zaidi, na bado ikabaki ziada. Ikiwa meza inaondolewa kwa sababu inaziba njia, gari lililopanda juu ya njia hiyo hiyo halina hoja ya kubaki. Na ikiwa machinga atahamishwa, mahali pake papya pawe pale ambapo miguu ya wanunuzi hupita, maana biashara yake huishi kwa wapita njia kama samaki aishivyo kwa maji.

Malori ya mizigo nayo yana kanuni yake. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi: idadi ya waliomo mahali ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa, mara muda ambao kila mmoja hukaa. Malori 20 yakiingia kila saa na kila moja likakaa nusu saa, mtaani yatakuwamo malori 10. Kila moja likikaa saa moja na nusu, yatakuwamo 30, ingawa mzigo ulioletwa ni ule ule. Hivyo kupunguza muda wa kushusha kunaweza kuleta nafuu kubwa kuliko kuzuia malori. Kushusha usiku au alfajiri, kutenga sehemu za kupakulia, na kutumia mikokoteni, maguta na vikirikuu kusambaza mzigo kutoka pembezoni mwa soko ni njia tatu zinazofuata kanuni hiyo. Mkokoteni, unaodharauliwa na wengi, hauchomi mafuta, hautoi moshi, na huingia pale lori lisipoweza kugeuka.

Waliobuni jengo la Soko Kuu la Kariakoo waliielewa hoja hii mapema. Jengo hilo, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa na sehemu ya chini ya ardhi iitwayo Shimoni, ambako malori yaliweza kuingia na kushusha mazao bila kukutana na wanunuzi walioko juu. Mapaa yake ya zege, yenye umbo la miavuli, yalibuniwa pia yakusanye maji ya mvua na kuyapeleka katika matangi ya chini. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliteketeza, na baadaye serikali ikaanza kulikarabati pamoja na kujenga soko jingine kando yake. Wazo la kutenganisha mzigo na mnunuzi linastahili kuvuka kuta za soko na kutumika katika mitaa inayolizunguka.

Je, kupanua barabara hakusaidii?

Mwaka 1962 mchumi wa Marekani Anthony Downs alieleza kwamba barabara kuu ya mjini ikipanuliwa, nafuu yake huvutia watu waliokuwa wakitumia basi, au kusafiri saa nyingine, au kupita njia nyingine. Wote hao huijaza barabara mpya mpaka ucheleweshaji urudi karibu na ulipokuwa. Kinyume chake pia kimeonekana. Kati ya mwaka 2003 na 2005, mji wa Seoul nchini Korea ya Kusini ulibomoa barabara kuu ya juu iliyofunika mto wa Cheonggyecheon, ukaufukua mto na kuimarisha mabasi. Mji haukusimama, wasafiri walibadili njia, saa na chombo.

Hii haimaanishi kwamba barabara zisijengwe. Mji unaokua huhitaji barabara mpya pembezoni, pamoja na reli. Lakini katika mitaa ya kale ya katikati, ambako majengo yamekwisha kusimama, kila mita inayoongezwa kwa magari hunyang'anywa mtu aendaye kwa miguu, mti, au baraza.

Gharama haiishii kwenye nafasi. Injini ya gari dogo inayonguruma ndani ya foleni huunguza kati ya nusu lita na lita moja ya petroli kwa saa, na kila lita ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2 za hewa ya ukaa, mbali na moshi unaovutwa na wauzaji wanaoketi mtaani mchana kutwa. Wanaovuta moshi huo zaidi aghalabu si wale walioutoa.

Kivuli na maji

Mwenda kwa miguu hahitaji mafuta, lakini ana mahitaji mawili ambayo mara nyingi husahaulika: kivuli wakati wa jua na ukavu wakati wa mvua. Mwezi Februari joto la mchana mjini Dar es Salaam hufikia kiasi cha nyuzi 32 za Selsiasi, na lami iliyopigwa na jua huweza kupita nyuzi 50. Mtu aliye juani hupokea joto kutoka angani, ardhini na kwenye kuta kwa pamoja. Mti humkinga kwa njia mbili: huzuia miali isimfikie, na majani yake hutoa mvuke unaopoza hewa. Sehemu za mji wa kale zilizo karibu na bahari bado zina miti mikubwa. Kariakoo, iliyopoteza nyua na baraza zake, ina michache mno. Mbunifu wa jengo jipya anaweza kurudisha faida ya baraza kwa kuirudisha ndani ghorofa ya chini, ili ghorofa za juu ziwe kivuli cha wapita njia.

Kwa upande wa maji, bonde la Mto Msimbazi hupakana na Kariakoo na hukatwa na Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha wengine wengi bila makazi. Karakana ya mwendokasi ilijengwa katika bonde hilo hilo, na mara kadhaa mvua kubwa imeifunika barabara na kusimamisha safari za mabasi. Usafiri wa kudumu hauwezi kutengwa na usafi wa mitaro, kwa sababu taka inayotupwa mtaroni Kariakoo husaidia kuziba njia ya maji bondeni.

Funzo kutoka ng'ambo ya bahari

Msomaji anayedhani kwamba mji wa biashara hauwezi kuishi bila magari kufika kila mlangoni anaweza kuutazama Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Vichochoro vyake vingi haviruhusu gari kupita. Magari hubaki pembezoni, kama vile Darajani na Malindi, na kutoka hapo mizigo huenda kwa mikokoteni na watu kwa miguu. Wembamba wa vichochoro na urefu wa kuta huleta kivuli karibu siku nzima, na maduka yake hayakosi wateja. Lamu, iliyoingia katika orodha hiyo mwaka 2001, hutumia punda kwa kazi hiyo hiyo.

Kariakoo si Mji Mkongwe, na wingi wa mizigo yake ni mkubwa zaidi. Lakini kanuni ya kuacha chombo kikubwa pembezoni na kumaliza safari kwa chombo kidogo au kwa miguu inaweza kutumika katika mitaa michache iliyo karibu zaidi na soko, kwa saa maalumu za mchana, huku vituo vya mwendokasi vya Mtaa wa Msimbazi vikiwa milango ya kuingilia.

Hesabu ambayo kila mwananchi anaweza kuifanya

Jambo hili halihitaji mitambo ya gharama. Wanafunzi wa shule ya sekondari wenye saa, daftari na kamba ya kupimia wanaweza kusimama mahali salama kando ya Mtaa wa Uhuru au Msimbazi na kuhesabu kwa dakika 15 watu wanaopita kwa miguu, kwa basi, kwa gari dogo na kwa pikipiki. Idadi ya kila kundi izidishwe kwa 4 ili kupata hesabu ya saa nzima, kisha igawanywe kwa upana wa nafasi ambayo kundi hilo limepewa. Zoezi lirudiwe asubuhi, mchana na jioni, na katika siku ya mvua na ya jua. Jedwali litakalopatikana litaonyesha ni kundi gani limepewa mita nyingi kuliko mchango wake, na ni lipi limebanwa.

Mipango ya mji hufanywa na wataalamu, lakini huamuliwa kwa kufuata kile kinachohesabiwa. Kwa muda mrefu yaliyohesabiwa ni magari, nayo yakapewa nafasi. Siku watakapohesabiwa watu, mchukuzi mwenye mkokoteni, mama mwenye kikapu, machinga na abiria aliyesimama ndani ya basi wataonekana katika jedwali kwa idadi yao halisi, na mita za mtaa zitagawanywa ipasavyo.